Mvua ikikukuta katikati ya safari ndefu ya baiskeli: mwongozo kamili hatua kwa hatua

Swali la ufanye nini mvua ikikukuta katikati ya safari linarudi kila msimu. Watu wanatoka asubuhi jua linawaka, wamepanga kilomita 80 au 100 za vijijini, saa 8 mchana mvua na ukungu vinashuka na safari inaishia nyuma ya Fuso la viazi, mtu anatetemeka, simu imezima, cheni imejaa tope. Ukimuuliza anakwambia "mvua bana". Ukimhoji vizuri sasa unakuta mvua yenyewe aliiona inakuja nusu saa nzima: alivaa koti akiwa ameshalowa, akaendelea kupanda mlima muda ambao alitakiwa awe amegeuza, afu akajiachia kwenye mteremko mrefu na nguo mbichi mwilini. Huo mteremko ndo unaoangusha watu wengi, na ndo nitaukalia zaidi huko chini.

Mfano wangu ni barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu mpaka Kyela maana ina kila kitu: mlima, ukungu, malori, tope, mito, na joto la ziwani mwisho wa safari. Kama we unaendesha Lushoto, Njombe, Kericho au Limuru, badilisha majina tu, kazi ni ileile.

## Vifaa kwanza

Usianze hatua kama hivi huna. Vingi viko nyumbani au duka la pembejeo.

- Koti la mvua la zipu mbele. Poncho ya kuvaa kichwani inajaa upepo, lori likikupita inakuvuta pembeni, na pindo lake likiingia kwenye spoku umekwisha. Huna koti? Chukua ile nailoni ya ndani ya mfuko wa sukari, ioshe, toboa tundu la kichwa na mawili ya mikono, vaa halafu juu yake weka shati pana ili isipeperuke. Inaonekana kituko ila inafanya kazi.
- Nguo kavu seti moja: fulana ya mikono mirefu ya sufu au polista, soksi, kofia ya kufuma. Pamba iache nyumbani, ikilowa inakaa na maji na kukunyonya joto.
- Nailoni za kufungia. Rambo, ile mifuko ya plastiki ya kubebea, zilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo tunza mifuko ya mkate, na omba nailoni la godoro jipya kwa mtu aliyehamia karibuni. Lile ni gumu na unalikata saizi unayotaka.
- Gazeti la zamani, kurasa kadhaa. Matumizi yake yako hatua ya 9.
- Glavu za kufuma, na juu yake glavu za mpira za kuoshea vyombo saizi kubwa kidogo. Usicheke.
- Kepu nyepesi ya kuvaa chini ya helmeti, ule ukingo wa mbele unazuia matone kukupiga machoni.
- Taa nyeupe mbele, taa nyekundu nyuma, na rifleksa kama ya bodaboda.
- Tyubu nzima ya akiba. Viraka na solisheni beba pia, lakini solisheni haishiki kwenye mpira wenye maji, na kwenye mvua hutaweza kuukausha. Ongeza tairi liva (vijiti vya kubandulia tairi), pampu, spana zako, kifaa cha kukatia cheni na kiungo kimoja cha akiba.
- Chakula: ndizi mbivu, kashata, maandazi, glukosi. Na chupa ndogo ya chai ya moto yenye tangawizi na sukari ya kutosha.
- Hela taslimu za noti ndogo, na karatasi yenye namba za simu za watu wako. Kioo cha simu kikilowa hakisikii vidole, na mvua ikizidi mtandao nao unaweza kususa.

## Hatua ya 1: Ijue njia kabla hujauliza hali ya hewa

Kaa na ramani, andika vitu viwili: urefu wa njia toka usawa wa bahari, na sehemu zenye paa.

Kwa mfano wetu, Mbeya mjini iko kama mita 1,700. Ukitoka Uyole unaanza kupanda, ukifika maeneo ya Isongole umeshapita mita 2,000, halafu barabara inashuka Kiwira, inapita Tukuyu, inaendelea kushuka mpaka Kyela ambako uko chini ya mita 600. Kwa makadirio ya kawaida joto linapungua nyuzi kama 6 kila ukipanda mita 1,000, kwa hiyo Kyela watu wanaweza kuwa wanajipepea kwenye nyuzi 30 na saa hiyohiyo Isongole watu wamevaa makoti, na hapo hujaweka mvua wala upepo.

Sehemu zenye paa kwenye njia hii ni Uyole, Isongole, Kiwira, Tukuyu, na vijiji vya katikati vina magenge na mabanda ya barabarani. Andika umbali kati ya moja na nyingine. Pale ambapo kuna pengo la zaidi ya dakika 40 za kuendesha bila paa, weka alama nyekundu, hilo pengo huingii huku wingu limekaa vibaya.

Hapo sasa ndo uangalie utabiri. TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) wanatoa matarajio ya siku 5 kwa hali mbaya ya hewa, na wakitoa tahadhari ya mvua kubwa kwa mkoa wako ahirisha tu, barabara haihami. Ila jua kwamba utabiri unaongelea mkoa, haujui mlima wako. Mlima Rungwe una karibu mita 3,000, na hewa yenye unyevu ikipanda kutoka Ziwa Nyasa inagonga milima inapoa inakuwa mvua, ndo maana Tukuyu inanyeshewa hata siku ambazo Mbeya mjini wamekula jua kutwa. Nyanda za juu kusini msimu wa mvua ni Novemba hadi Aprili, lakini upande wa Rungwe na Kyela Mei bado inapiga.

Umefaulu kama: una kikaratasi kidogo chenye majina, kilomita na urefu, na unaweza kumwambia mtu wa nyumbani utapita wapi saa ngapi.

## Hatua ya 2: Amua saa ya kugeuza ukiwa bado umekaa kwenye kochi

Hii ndo watu wanairuka. Ukiwa umelowa, umechoka na zimebaki kilomita 15, akili yako haiko sawa, itakwambia "malizia tu". Kwa hiyo maamuzi yafanyike jana yake.

Andika mambo matatu nyuma ya kile kikaratasi. Saa ya kugeuza: kwa mfano saa 7 mchana, popote ulipo, kama hujafika ulikopanga unageuza au unatafuta pa kulala, maana giza linaingia baada ya saa 12 na nusu na kurudi kwenye mvua kunachukua muda mrefu kuliko kwenda. Sehemu za kuamua: Isongole na Tukuyu, unasimama dakika 5 hata kama unajisikia vizuri, unaangalia mbele. Na njia ya kukimbilia: ukishindwa hapa, unapanda gari gani, kwa hela ipi.

Onyo moja kwa wanaoendesha kundi. Anayetaka kugeuza ndiye anayesikilizwa, hata akiwa mmoja. Mkianza kupiga kura huyo mwenye baridi atanyamaza kwa aibu, na mtambeba baadaye.

## Hatua ya 3: Baiskeli iandaliwe usiku, sio asubuhi

Breki kwanza. Kama ni za mpira wa kubana rimu, toa zile pedi uziangalie kwa karibu, utakuta vipande vidogo vya mchanga na chuma vimezama kwenye mpira, vinang'aa ukivipiga tochi. Vichokoe na ncha ya kisu. Usipovitoa, kwenye mvua vinakula rimu na unasikia ile sauti ya kusaga, maji meusi yanachuruzika kwenye fremu, na hayo meusi ni rimu yako inakwisha. Kama rimu zako ni za chuma za kung'aa zile za baiskeli za mzigo, fahamu kwamba zikilowa breki inakaribia kupotea kabisa. Na baiskeli ya hivyo mteremko wa Kiwira kwenye mvua unashukwa kwa miguu, sina lugha ya kulainisha hapo.

Matairi: punguza upepo kidogo. Tairi nene za mlimani upepo wa paundi (PSI) 30 hadi 40 unatosha kwa mtu wa uzito wa kawaida, tairi nyembamba za lami punguza kama paundi 10 kwenye kiwango unachotumia siku kavu. Ukipunguza sana unapata pancha ya kubana mpira na rimu kwenye shimo, kwa hiyo usizidishe.

Cheni ifute, weka oili tone moja kila kiungo, iache usiku kucha, asubuhi futa ya juu. Oili nzito ya pikipiki inakaa zaidi kwenye mvua, ila inanasa mchanga, kwa hiyo kufuta ni lazima. Madigadi weka hata kama baiskeli yako ni ya kishua, au kata dumu la mafuta la lita 5 ufunge kwa waya. Maji ya kutoka juu unayavumilia, yanayokuumiza ni yale ya tairi la nyuma yanayopanda mgongoni kutwa nzima.

Umefaulu kama: ukiinua tairi na kulizungusha halisugui popote, na ukibana breki ya mbele kwa vidole viwili huku unasukuma, baiskeli inagoma kwenda.

## Hatua ya 4: Kupakia

Nguo kavu zifungwe nailoni mbili, kila moja na fundo lake. Mfuko mmoja huwa una tundu usiloliona.

Simu na pawabenki ziwe kwenye nailoni tofauti na chakula. Koti la mvua na glavu ziwe JUU kabisa ya begi au zimefungwa kwenye keria kwa mpira, uzitoe bila kufungua kitu kingine. Ukizipakia chini utasema "ngoja nifike pale mbele" na huko mbele utafika umeshalowa.

## Hatua ya 5: Vaa kabla, sio baada

Dalili ziko wazi kama unaangalia. Mlima uliokuwa unauona umepotea. Upepo uliokuwa wa vuguvugu unabadilika ghafla unakuwa wa baridi na unatoka kule wingu liliko. Akina mama walioanika mahindi wanakusanya mikeka. Hao wa kukusanya mikeka waamini kuliko simu yako.

Ukiona hivyo simama, vaa koti, fungua zipu kifuani upate hewa, punguza mwendo ili usitoke jasho jingi. Hapo kuna mtego: koti linazuia mvua lakini linazuia na jasho pia, ukipanda mlima kwa nguvu ndani ya nailoni unalowa kutokea ndani na matokeo ni yaleyale. Kwenye kupanda fungua zipu, gia nyepesi, pumua kwa pua kama unaweza, ukishindwa kuongea sentensi nzima uko kasi sana.

Kula sasa hivi, kabla haijaanza. Ndizi moja, na kashata nusu. Ikishaanza kunyesha watu hawali na hawanywi, maana kutoa glavu ni kazi na kiu haisikiki kwenye baridi, halafu baada ya saa 2 wanaishiwa nguvu wanadhani ni mlima. Weka utaratibu wa kula kidogo kila nusu saa, na maji funda kadhaa hata kama huna kiu.

Umefaulu kama: tone la kwanza linakukuta umeshavaa, taa zinawaka, na fulana ya ndani bado kavu.

## Hatua ya 6: Lami iliyolowa

Dakika 10 au 15 za mwanzo ndo mbaya zaidi, hasa kama kulikuwa na ukame, kwa sababu oili za magari na vumbi vinachanganyika na maji kabla havijasombwa. Na hii ni barabara ya malori yanayoenda mpaka wa Kasumulu kuingia Malawi, oili ipo.

Mistari nyeupe ya rangi, vyuma vya madaraja, majani ya migomba yaliyodondoka, mavi ya ng'ombe: pita navyo wima, bila kukata kona na bila kubana breki juu yake. Kona ipunguzie mwendo kabla hujaiingia. Ukishaingia ndani ya kona ni kuzungusha tu.

Breki za rimu zikilowa hazishiki papo hapo, tairi linatakiwa lizunguke mara kadhaa pedi zifute maji kwanza. Kwa hiyo gusa breki mapema kidogokidogo hata kama huna cha kusimamia, zikaushe, halafu ndo ubane. Nafasi ya kusimama hesabu mara mbili ya siku kavu, na mwenzako aliye mbele mwachie nafasi hiyohiyo.

Lori likija nyuma shika usukani kwa mikono yote, lenga mbele, tarajia mambo mawili: kwanza upepo unakusukuma nje, halafu likishapita unakuvuta ndani, na maji ya matairi yake yanakupofusha kwa sekunde kadhaa. Ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba huoni nguzo ya umeme inayofuata, toka barabarani. Dereva wa lori naye haoni.

## Hatua ya 7: Tope

Ukichepuka kwenda Daraja la Mungu (lile daraja la asili la mawe) au vijiji vya chai utakutana na udongo wenyewe. Siri ni gia nyepesi, ukae kwenye siti uzito uwe nyuma, usisimame kwenye pedeli maana tairi la nyuma litazunguka bure. Fuata majani ya pembeni, acha mkondo wa magurudumu ya magari.

Tope likianza kujaa kati ya tairi na fremu SIMAMA. Watu wanalazimisha kukanyaga, tope linavuta ule mkono wa gia wa nyuma unaingia kwenye spoku unavunjika, na hapo safari imeisha kweli. Vunja kijiti, kwangua, beba baiskeli begani mita 200 mpaka kwenye majani. Kubeba kunachosha ila fundi wa mkono wa gia mpaka Mbeya mjini.

## Hatua ya 8: Maji yanayokatiza, na radi

Kanuni ya maji ni fupi: kama huoni barabara chini ya maji, hupiti. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 tu yanatosha kumwangusha mtu mzima, na wewe una baiskeli inayofanya kazi ya tanga. Huwezi pia kujua kama lami au kalavati bado lipo huko chini.

Kabla ya kuamua uliza mwenyeji. Ukimkuta mzee kasimama na jembe begani, msalimie kwanza.

"Shikamoo mzee. Hapa panapitika?"

"Marahaba. Panapitika kesho."

Basi, hilo jibu limetosha, tafuta paa. Vijito vya milimani vinapanda haraka na mara nyingi vinashuka haraka mvua ikikatika juu, saa 1 au 2 za kukaa gengeni na chai zinaweza kumaliza tatizo. Huku chini Kyela ni tofauti, kule ni tambarare na maji ya mafuriko ya Aprili yanakaa, kusubiri saa 2 hakusaidii.

Radi sasa. Ukiona mwanga anza kuhesabu sekunde mpaka ngurumo, gawanya kwa 3, hizo ndo kilomita. Ikiwa chini ya sekunde 30 iko ndani ya kilomita 10 na inaweza kukufikia, ingia kwenye nyumba yenye kuta kamili au ndani ya gari lililofungwa vioo. Mti mrefu wa peke yake hapana, kibanda cha nguzo nne cha kuuzia ndizi nacho hapana kwa radi ingawa kwa mvua kinafaa. Kama uko wazi kabisa shuka kwenye kilele, iache baiskeli mbali nawe, chuchumaa miguu pamoja, usilale chini, na mkiwa wengi achaneni nafasi. Ukishapata hifadhi usiondoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Watu wanatoka baada ya dakika 5 kwa sababu mvua imepungua, radi haina habari na hilo.

## Hatua ya 9: Kilele na mteremko

Haya, tumefika penyewe.

Ukipanda mwili unatengeneza joto, hata ukiwa umelowa unajiona mzima. Unafika juu Isongole, unapumua, unasema nimemaliza kazi, unaachia breki. Kuanzia hapo miguu haifanyi kazi, upepo wa kilomita 40 kwa saa unakupiga kifuani, na nguo mbichi zinakunyonya joto, maji yanabeba joto la mwili mara nyingi zaidi kuliko hewa. Dakika 15 tu vidole vinakufa ganzi, na vidole ndo vinashika breki. Kwa hiyo mtu hadondoki kwa sababu ya utelezi peke yake, anadondoka kwa sababu ameiambia mikono ibane na mikono haijabana.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Simama KABLA ya kilele, kwenye genge lenye paa, wakati bado una joto. Usisimame juu kabisa kwenye upepo.
2. Fulana ya ndani ikiwa chepechepe ivue, ikamue, irudishe. Zile nguo kavu za akiba usiziguse bado, ukizilowesha sasa huna tena kitu.
3. Kunja gazeti kurasa nne au tano, ingiza kifuani na tumboni kati ya fulana na koti. Waendesha baiskeli wa mashindano Ulaya wamefanya hivi miaka na miaka kwenye milima yao, karatasi inakata upepo na inashika hewa. Likilowa litupe kwenye pipa, weka jingine.
4. Mifuko ya mkate juu ya soksi, halafu viatu. Kepu, helmeti, zipu mpaka shingoni.
5. Glavu za kufuma, za mpira juu.
6. Kunywa chai, kula, halafu pima vidole: gusisha dole gumba na kidole cha mwisho, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Ukishindwa kugusisha, hushuki. Rudi ndani, mikono weka kwapani mpaka irudi.

Kuhusu hilo la mwisho mnaoendesha na wadogo zenu kuweni wakali kidogo. "Dogo, nioneshe." "Niko poa kaka." "Nioneshe vidole." Mtu mwenye baridi kali hajui kama ana baridi kali, ndo tabia yake.

Kushuka kwenyewe: mwendo wa chini, breki zote mbili za kugusagusa, simama kila kilomita 3 au 4 ushuke utembee dakika 2 ukisukuma baiskeli. Unaona kama unapoteza muda lakini miguu inatengeneza joto upya na rimu zinapumzika.

Dalili za kusitisha safari papo hapo: kutetemeka kusikoisha, kushindwa kufunga zipu, maneno kujikanyaga, kupepesuka akishuka kwenye baiskeli, au mtu mchangamfu anakuwa mkali au kimya bila sababu. Na mtu aliyekuwa anatetemeka akaacha kutetemeka huku bado wa baridi na anasinzia, hiyo ni dharura ya hospitali, usisubiri.

Ukimpata mtu hivyo: ndani kwenye paa, vua vyote vilivyolowa, mvalishe zile nguo kavu (ndo kazi yake), kofia, mfunike blanketi na mwenzake akae naye humohumo. Chai ya moto yenye sukari kama anameza vizuri. Usimsugue miguu na mikono, usimweke karibu sana na moto, ngozi iliyokufa ganzi inaungua bila yeye kusikia. Pombe hapana, ya aina yoyote, inafungua mishipa ya ngozi na joto linatoka, yeye anajisikia vizuri kumbe anapoa. Na jambo ambalo huku kwetu kwenye baridi linaua familia nzima: jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Ile hewa ya sumu haina harufu. Jiko libaki nje.

Umefaulu kama: unafika Tukuyu umelowa, umechukia, lakini unaweza kufungua kamba za viatu mwenyewe.

## Hatua ya 10: Kupanda gari

Kupanda gari ni sehemu ya mpango, uliuandika hatua ya 2. Usipunge mkono kwenye kona au kwenye ukungu, tembea mpaka kituoni au kwenye duka penye mwanga. Elewaneni bei yako na ya baiskeli kabla haijapandishwa. Toa tairi la mbele mwenyewe, geuza upande wa gia uangalie juu, na usikubali irundikiwe magunia. Fuso nyuma ni upepo mtupu, omba kukaa mbele na dereva, na kama hakuna nafasi vaa zile nguo kavu sasa, koti juu, ukae umeegemea mbele nyuma ya kichwa cha gari.

Ajali ikitokea piga 112 polisi, au 114 Zimamoto na Uokoaji. Ukipiga taja kijiji na kitu kinachoonekana, "baada ya daraja, karibu na shule", usiseme "niko barabara ya Tukuyu".

## Hatua ya 11: Ukifika

Wewe kwanza, baiskeli baadaye. Nguo kavu, chakula cha moto, simu usiichomeke chaji mpaka tundu la chaji likauke, iache mahali penye hewa hata usiku mzima.

Baiskeli ipige maji ya ndoo, sio ile mashine ya presha ya kuoshea magari, inasukuma mchanga ndani ya beringi. Toa siti na nguzo yake, geuza fremu juu chini, utashangaa maji yanayomwagika, yakikaa humo yanaoza chuma kutokea ndani. Cheni ifute mpaka kitambaa kisichafuke, weka oili usiku huohuo, maana kutu inaanza asubuhi yake tu. Pedi za breki zitoe tena uzichokoe.

Kesho yake ikishakauka, inua kila tairi, sogeza sikio karibu na katikati ya gurudumu, zungusha taratibu. Ikiwa kimya, sawa. Ukisikia mchanga unasagika peleka kwa fundi afungue, aoshe gololi kwa mafuta ya taa na kupaka grisi mpya, kazi ya nusu saa na bei yake ni ndogo kuliko gurudumu jipya. Nguzo ya siti ipake grisi pia kabla ya kuirudisha.